Tusingoje Kianga

Ipo desturi iliyoota mizizi katika miji yetu mikubwa, na hasa Dar es Salaam, ya kuwa mume na mke waliojaliwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili huahirisha kila safari ya mashambani mpaka, kama wasemavyo wenyewe, mtoto apate akili; na wale wachache wasiongoja mtoto akue hungoja mvua ikatike, kisha hungoja baridi ipungue, kisha hungoja vumbi litulie, hata mwaka ukaisha na mtoto hajaona maji yakipita juu ya mawe wala kuku wakipanda mtini magharibi inapoingia. Nataka kuihoji desturi hii kwa heshima, maana najua kuwa wanaoifuata hawaifuati kwa uvivu, bali kwa mapenzi na hofu. Walakini mapenzi yanayoongozwa na hofu peke yake humnyima mtoto mambo ambayo umri wake ndio hasa unaoyataka.

Nasema juu ya Usambara, nchi ambayo nimeunganishwa nayo kwa ukwe, na ambayo mtu wa pwani huifikia kwa siku moja ya basi, akipita Segera na Korogwe hata Mombo, kisha akaipanda ile barabara nyembamba yenye mapindi, kilomita zipatazo 33 kupitia Soni, mpaka Lushoto. Mombo i karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto i karibu mita 1,400. Na kwa kuwa hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi 6 katika kila mita 1,000 za kupanda, mtoto aliyekuwa akitiririka jasho katika kituo cha Mombo atataka sweta kabla hajafika Soni. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi, za kusi na za kaskazi pia, zikiukabili mlima hulazimika kupanda, zikipanda hupoa, na zikipoa huyaachilia maji zilizoyachukua. Ndiyo sababu Amani, upande wa mashariki, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali bonde la Mkomazi, lililojificha nyuma ya mlima, limebaki kame, nchi ya miiba. Hata katika kipupwe, wakati ambapo mvua kubwa imekwisha, usiku wa Lushoto huweza kukaribia nyuzi 10, na ukungu ukaketi mabondeni mpaka saa nne za asubuhi.

Basi anayengoja kianga cha kudumu katika milima hii anangoja kitu ambacho milima haina tabia ya kukitoa. Misitu ya Magamba na ya Amani imesimama kwa sababu ya unyevu huo. Na lile ua dogo la rangi ya urujuani ambalo afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipata Usambara mwaka 1892, na ambalo leo hupandwa katika vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, kwao asili ni kwenye miamba ya kivulini inayotona maji. Wenyeji nao hawakuihesabu mvua kuwa adui. Watawala wa Kikilindi waliokaa Vuga, ambao mashuhuri wao Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862, waliheshimiwa na kuogopwa kwa kuwa iliaminika kwamba wana uwezo wa kuileta mvua na wa kuizuia. Na nchi ilipopata mvua, ilisemekana kuwa mtawala yu katika maelewano na watu wake. Ni sisi wageni wa siku chache tuliojifunza kuitazama mvua kama mtu aliyekuja kutuharibia shughuli.

Na sasa nije kwa mtoto mwenyewe. Mtoto aliyeacha juzi tu kusimama dede, na ambaye leo aenda tete akishikilia kidole cha baba, hana haja ya mandhari. Mzazi humpeleka Irente, kwenye ukingo wa mlima ambako nchi ya tambarare huonekana chini kabisa, mashamba ya mkonge yakiwa mistari na barabara kuu ikiwa uzi, akamwinua mabegani ili ayaone maajabu hayo. Na mtoto, badala ya kutazama huko anakoonyeshwa, huishughulikia kofia ya baba yake. Hana kosa. Dunia ya mtu wa umri huo huishia pale mkono wake unapoweza kufika. Ukungu ukipanda ukaifunika Irente yote, mtu mzima aliyelipa nauli kutoka mbali huona kuwa amepata hasara, lakini mtoto hajapoteza lolote, kwa sababu kile alichokijia kilikuwa karibu, kilikuwa chini, na aghalabu kilikuwa kimeloa. Hiki ndicho kiini cha maneno yangu: katika jamaa yote inayosafiri, aliye mdogo kuliko wote ndiye asiyedhurika na mbingu zilizonuna, nasi tumemfanya yeye kuwa udhuru wa kutokwenda.

Nani asiyejua yatokeayo mvua inapopusa baada ya kunyesha usiku kucha? Mfereji wa kando ya njia, ambao jana ulikuwa mtaro wa majani makavu, leo una maji yanayokwenda, na mtoto akitupa jani ndani yake huliona likichukuliwa, akatupa la pili, akatupa la tatu, na kwa muda wa saa nzima hataki kitu kingine. Juu ya majani mapana ya magimbi matone huviringika yasilowanishe. Ukilitikisa jani kidogo, tone hukimbia huku na huko, likaungana na jingine, likadondoka. Jongoo hutoka, akiguswa hujikunja. Konokono hupita ukutani akiacha njia yake inayong'aa. Katika nyua za miti huonekana vinyonga, na Usambara imejaaliwa vinyonga wenye pembe ambao hawapatikani kokote kwingine duniani. Hapo mtu mzima hupiga ukelele na kurudi nyuma, kwa kuwa amelelewa katika imani kwamba kinyonga ni mkosi, naye mtoto, ambaye alikuwa amekwisha nyoosha mkono, hujifunza hofu kwa mara ya kwanza kutoka kwenye uso wa mzazi wake. Namwomba mzazi auzuie ukelele huo. Mdudu wa kumhadhari baada ya mvua ni siafu, ambao hujipanga njiani kwa maelfu, na mtoto aliyeketi juu ya mstari wao atakuwa na haki ya kulia.

Yapo mambo mawili ambayo mzazi hana budi kuyaacha Mombo. La kwanza ni ratiba. Mwendo wa mtoto huyu kutoka nyumbani kwa bibi mpaka kisimani, mwendo ambao mama hutembea kwa dakika chache akiwa na ndoo kichwani, huchukua asubuhi yote, kwa kuwa kila jiwe linataka kuinuliwa na kila dimbwi linataka kupitwa katikati. Mzazi aliyezoea kuhesabu siku kwa mambo aliyoyamaliza huona taabu kubwa hapo, huvuta mkono, hubeba, huhimiza. Na ugomvi wa siku hiyo, ambao baadaye husingiziwa mvua, umetoka katika haraka hiyo. La pili ni simu. Siku za mvua nyingi ndizo siku ambazo mtoto hutiwa simu mkononi ili anyamaze, akasafirishwa kilomita zaidi ya 300 kuja kutazama katuni zile zile alizozitazama Kinondoni. Mahali penye bibi anayechambua maharagwe barazani, penye mahindi ya kupukuchua, penye ungo, kinu na kifaranga aliyeloa, hiyo simu ni ya nini?

Lakini najua kuwa hofu kubwa ya wazazi si tope. Ni maradhi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa naona tunaogopa lisilo kubwa tukalipita lililo kubwa.

Mtoto akinyeshewa dakika chache kisha akavuliwa, akakaushwa na kuvikwa nguo kavu, hakupata kichomi kwa ajili hiyo. Nimonia huletwa na vijidudu, na miongoni mwa mambo yanayoyafungulia mlango mapafu ya mtoto, moja tunalikaribisha wenyewe tunapoikimbia mvua: moshi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa kuvuta moshi wa majumbani kunakaribia kuongeza maradufu hatari ya nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hata hivyo, mvua ikianza, bibi kwa huruma yake na mama kwa wasiwasi wake humchukua mtoto, wakamwingiza katika jiko la kuni lisilo na dirisha, wakamketisha karibu na mafiga kuanzia asubuhi mpaka jioni, macho yakimtoka machozi na kifua kikikwaruza; kisha akikohoa siku ya tatu, husema, baridi ya mlimani imempata. Heri mara mia akae barazani amevaa sweta, soksi na kofia, akiitazama mvua.

Na lipo lililo baya zaidi ya moshi, ambalo nasihi kila anayekwenda nchi za baridi alishike kwa dhati. Usiku watu huliingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha ili joto lisitoke, wakalala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlewesha aliyelala kabla hajatambua kuwa kuna jambo. Familia nzima zimepotea kwa njia hiyo. Jiko la mkaa libaki nje, na mtoto alale katikati ya wazazi wake chini ya blanketi mbili: joto la miili yao latosha.

Malaria nayo husingiziwa mlima bila ya insafu. Mbu wa malaria ni wachache katika nchi ya juu kuliko pwani, ingawa hawakosekani, na chandarua kiende pamoja na mtoto. Lakini homa ya malaria haianzi siku ile ile mtu anapoumwa na mbu. Aghalabu hupita wiki moja au zaidi kabla mwili haujachemka. Basi mtoto aliyeshikwa na homa siku ya pili tangu afike Lushoto, ikiwa kipimo kitaonyesha malaria, aliitoa Temeke au Magomeni, wala mvua ya Usambara haikumpa chochote. Na mzazi aliyerudi mjini salama asijisahau: homa ikija wiki mbili baadaye, ampeleke mtoto akapimwe, aeleze na safari aliyoifanya, kwa kuwa njiani walipitia Mombo na Korogwe, ambako mbu hawana uchache.

Maji ya kunywa yachemshwe, na hasa masika, wakati mvua inapoyasukuma machafu ya juu kuingia chemchemi za chini. Na vipakiti vya chumvichumvi viwemo mkobani pamoja na kadi ya kliniki. Aidha, nyumba nyingi za huko hutega ndoo na mapipa chini ya michirizi ili kuyakinga maji ya mvua. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito kwa kadiri ya mwili wake. Akiinama ndani ya ndoo iliyojaa hawezi kujiinua, na maji ya kina cha shubiri moja humtosha kuzama. Kila chombo kifunikwe, na shimo la choo lifunikwe, na mtu mmoja mzima ajue wakati wote kuwa yeye ndiye mwenye zamu ya kumtazama mtoto, maana penye shangazi wanne na wajomba watatu kila mmoja hudhani mwenzake anamwangalia.

Haya yote hayategemei majira. Kiangazi kina balaa zake: vumbi lake ndilo makao ya funza wanaoingia vidoleni, na chemchemi zake huwa haba. Aliyengoja ukavu hakukimbia hatari, amebadilisha tu jina lake.

Nisiseme, hata hivyo, kwamba kila hali ya hewa ni ya kusafiri. Ipo mvua ya masika makali ambayo huzilegeza kuta za mlima, udongo ukaporomoka pamoja na mawe juu ya ile barabara ya Soni; Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa wa Tanga, mzazi abaki alipo, na ikiwa amekwisha kupanda, asishuke kwa sababu tu likizo imekwisha. Kadhalika mtoto mwenye selimundu, na nchi yetu ni miongoni mwa zenye watoto wengi wa namna hiyo, hadhulumiwi kwa kuachwa mjini wakati wa baridi kali, kwa kuwa baridi huweza kumletea maumivu makubwa; wazazi wake waulize kwanza kliniki anakotibiwa, na wakienda, waende katika miezi ya joto.

Sasa niseme na akina baba, kwa kuwa wengi wetu tukitamka neno likizo tunakusudia likizo yetu. Katika mvua ya Usambara nguo iliyofuliwa Jumatatu huweza kuwa mbichi hata Alhamisi. Mtoto anayepita katikati ya madimbwi hubadilishwa mara tatu kabla ya adhuhuri, na kama kila badiliko ni kazi ya mama, ambaye mjini alikuwa na bomba ndani ya nyumba na huku ana ndoo na kisima, basi mama huyo hakupumzishwa; amehamishiwa kazi ile ile mahali penye taabu zaidi. Ndipo wake wengi wanapokataa safari, nao husema ni kwa ajili ya mtoto. Mume akizifua nepi, akazianika chini ya paa, akaigeuza suruali ndogo ile mara kwa mara mpaka ikauke, akambeba mtoto mgongoni kwa mbeleko katika njia ya utelezi, wala asione haya mbele ya wakwe, atakuwa ameiondoa sehemu kubwa ya ubaya wa hali ya hewa, ambao ukichunguzwa ulikuwa ubaya wa mgawanyo wa kazi. Vifaa vyenyewe si ghali: mabuti ya mpira yanayouzwa mitumbani, koti la mvua lenye kofia, soksi nyingi, na kipande cha nailoni cha kumketisha. Viatu vyeupe vya harusi viachwe kabatini.

Imebaki hoja ambayo huletwa kwa kujiamini kuliko zote: kwamba mtoto wa miaka miwili hatakumbuka, na kwa hiyo fedha imepotea. Ni kweli hatakumbuka. Watu wazima walio wengi hawana kumbukumbu ya yaliyotokea kabla ya kutimiza miaka mitatu. Lakini hatakumbuka pia nani alimfundisha kunywa kwa kikombe, wala siku aliyoacha kuliogopa giza, na bado atakunywa na atapita gizani. Mguu uliojifunza kukanyaga ardhi isiyo sawa, sikio lililozoea lugha ya Kisambaa ikisemwa na watu wanaompenda, ngozi iliyoonja baridi na kujua kuwa baridi hupita, hivi hukaa mwilini bila kuhitaji kumbukumbu. Tena, kwa nini tunaiuliza kumbukumbu ya mtoto peke yake? Bibi yake atakumbuka. Yule mama mzee aliyemlea mmoja wa wazazi hawa kwa mkono wake, ambaye huambiwa kila mwaka kwa simu kwamba watakuja jua likitoka, hana miaka mingi ya kuweka akiba. Naye hakuomba aletewe mjukuu aliyekwisha kuwa na akili. Amemwomba huyu wa sasa, anayelalia begani na kumwita kwa neno nusu. Mimi nimewaona wazee wa namna hiyo wakiwa wamelipiga pasi shuka la mgeni mdogo tangu mwanzo wa mwezi, kisha ikaja habari kwamba kuna mawingu.

Upande wa kazini nao una neno lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28, lakini kwa mazoea siku hizo hukusanywa na kumiminwa Desemba, wakati mabasi ya kaskazini yamejaa Wachaga, Wapare na Wasambaa wanaorudi makwao, tiketi hazipatikani, na mtoto husafiri amepakatwa katikati ya mizigo. Wenye watoto wa shule hawana hiari, kwa kuwa wamefungwa na likizo za Juni na Desemba. Mzazi wa mtoto wa miaka miwili hajafungwa bado, na hiari hiyo ataipoteza siku mtoto atakapovaa sare. Basi na aombe likizo yake mwishoni mwa Mei, masika yanapopungua na mlima ukiwa kijani, au Julai, katika ukungu wa kipupwe, ambapo basi lina nafasi na mtoto aweza kupewa kiti chake. Na wakuu wa kazi wanaopanga zamu, ambao hufurahi kupata watu Desemba, wamkubalie. Orodha za zamu katika ofisi nyingi huandikwa miezi kadhaa mbele. Aulize sasa, kisha ampigie bibi simu amtajie tarehe, wala asimuulize hali ya hewa.